Meshuggah na noti ya F: kwa nini magitaa ya albamu moja yalirekodiwa mara mbili

Agosti 2002 bendi ya metali (roki nzito ya magitaa makali) ya Meshuggah kutoka Umeå, Uswidi, ilitoa albamu yake Nothing. Mwishoni mwa Oktoba 2006 albamu hiyohiyo ikatoka tena: jina lilelile, nyimbo zilezile, ila magitaa yamepigwa upya na sauti zote zimechanganywa upya. Ni nadra bendi kurudi studio kupiga tena kazi ambayo imeshauzwa na kupendwa. Hawa walirudi kwa sababu ya vifaa. Gitaa walilolikusudia kwa muziki ule halikuwa tayari wakati wa kurekodi, na lile walilolitumia badala yake halikuundwa kwa kazi hiyo.

Wapiga gitaa wake wawili, Fredrik Thordendal na Mårten Hagström, walikuwa wamezoea gitaa la nyuzi saba tangu miaka ya 90. Kwa Nothing walitaka nyuzi nane. Gitaa la nyuzi nane kwa kawaida lina F♯ chini ya B ya nyuzi saba. Wao hushusha kila uzi nusu toni, hivyo kutoka chini kwenda juu wanapata F, B♭, E♭, A♭, D♭, G♭, B♭, E♭. Waliagiza magitaa hayo kwa watengenezaji Nevborn. Magitaa ya kwanza ya majaribio yakaja na kasoro, ikabidi wachukue gitaa za kampuni ya Ibanez za nyuzi saba na kuzishusha mno, nazo zikawa zinatoka kwenye tuni kila mara. Muda nao haukuwapo: nafasi ya kuingia ziara ya Ozzfest nchini Marekani ilijitokeza ghafla, wakachanganya albamu wenyewe kwa siku mbili na kuikamilisha kwa siku moja. Ibanez walipokuja kuwatengenezea magitaa ya nyuzi nane yanayofanya kazi, ndipo wakarudi kupiga upya.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya uvumilivu wa wasanii. Sisi tunakiona ni kisa cha mkazo wa uzi, na mkazo wa uzi unapigiwa hesabu.

Uzi una kilo ngapi?

Sauti ya uzi inategemea vitu vitatu: urefu wake kutoka kwenye kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji kichwani mwa shingo, hadi kwenye briji inayoshika nyuzi upande wa mwili, uzito wake kwa kila inchi, na mkazo uliouvutia. Urefu na uzito vikibaki vilevile, mkazo hupanda na kushuka kwa mraba wa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz). Hapo ndipo watu wanapojidanganya. B ya chini ya nyuzi saba ina Hz 61.74. F tunayoizungumzia ina Hz 43.65. Kati yake kuna nusu toni sita tu, lakini mkazo unaanguka hadi nusu kamili.

Chukua gitaa la kawaida ambalo uzi wake una urefu wa inchi 25.5, lenye uzi wa unene wa inchi .056 kwenye B. Kwa uzito wa nyuzi unaochapishwa na watengenezaji wa nyuzi D'Addario, uzi huo unavutwa kwa takriban kilo 6.7. Ushushe hadi F bila kuubadilisha, zinabaki kilo 3.4 hivi. Kwa kulinganisha, E ya gitaa la nyuzi sita yenye .046 iko karibu kilo 7.9. Uzi wa kilo 3.4 umelegea kama kamba ya kuanikia nguo: ukiugusa unayumba, ukiupiga kwa nguvu unapiga freti zote, vile vyuma vinavyokatiza shingo.

Jibu la haraka ni kuongeza unene. Kwenye inchi zilezile 25.5, uzi wa .070 unatoa kilo 5.2 kwenye F, na .074 unatoa karibu 5.8. Nafuu ipo, lakini uzi mnene una waya mgumu wa ndani na tabaka nzito la nje, na unapoubana kwenye freti ya 12 ile nusu iliyobaki inakuwa ngumu kama fimbo. Noti inapanda kuliko inavyotakiwa. Unarudisha nyuma kile kichuma kinachobeba uzi juu ya briji ili kurekebisha, na mara nyingi unafika mwisho wa skrubu kabla noti haijakaa. Tena, kadiri uzi unavyokuwa mgumu ndivyo sauti zake za juu (zile zenye masafa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti ya msingi) zinavyoachana na noti yake ya msingi, na ukipitisha uzi wa namna hiyo kwenye distosheni kali, yaani kuchafua sauti kwa kukata vilele vya mawimbi yake, unapata mngurumo usio na noti ndani yake.

Jibu la pili ndilo lililomaliza tatizo la Meshuggah: refusha uzi. Gitaa walilotengenezewa baadaye likauzwa kwa jina lao, Ibanez M8M, lina urefu wa inchi 29.4, yaani karibu milimita 747. Uzi uleule wa .070 kwenye F sasa unavutwa kwa kilo 6.9. Umepanda kwa theluthi moja bila kuongeza hata chembe ya unene. Inchi 27, urefu wa Ibanez RG2228 iliyotoka 2007, ni mahali pa katikati: .074 inatoa kilo 6.4 na .080 kilo 7.5.

Urefu una gharama zake. Uzi mwembamba wa juu nao unakazika: .009 kwenye E♭ unatoka kilo 5.3 kwa inchi 25.5 hadi kilo 7 kwa inchi 29.4, na anayependa kuvuta nyuzi kwenye solo ataumia vidole. Nafasi kati ya freti za kwanza zinapanuka, kodi zenye vidole vinne zinakuwa mtihani. Shingo ndefu pia inaelemea upande wa kichwa ukisimama na mkanda. Ndiyo maana wapigaji wengi wa leo wanachagua shingo yenye freti za upembe, ambapo uzi wa chini una urefu mkubwa na wa juu una urefu mdogo. Kwa muziki wa Meshuggah, ambao uzito wake wote uko chini, inchi 29.4 ni uamuzi sahihi. Kwa anayepiga kodi pana na solo za kasi tungemshauri aanzie kwenye 27.

Kinachoharibika mbele ya maiki

Uzi uliolegea ukipigwa unanyooka, na mnyooko huo unaongeza mkazo kwa muda mfupi. Kwa uzi wa kilo 7 ongezeko hilo ni dogo ukilinganisha na mkazo uliokuwapo. Kwa uzi wa kilo 3.4 ni kubwa mara dufu. Matokeo yake ni noti inayoanza juu kisha inateremka kukaa mahali pake. Kitunio kikionyesha kijani sekunde moja baada ya kupiga, ujue mwanzo wa noti ulikuwa juu, na katika rifu (vipande vifupi vya gitaa vinavyorudiwa) za kukatakata mwanzo ndio noti yenyewe, kwani hakuna kingine kinachosikika.

Sasa fikiria namna metali inavyorekodiwa. Rifu moja hupigwa mara mbili au mara nne, moja ikawekwa kushoto na nyingine kulia. Mkono hauwezi kupiga kwa nguvu sawasawa kila mara, hivyo kila mpigo unapanda kwa kiasi chake. Tuseme pande mbili zimepishana senti 10 tu, sehemu ya kumi ya nusu toni. Kwenye msingi wa Hz 43.65 tofauti ni robo ya Hz, sikio haliijali. Lakini distosheni inainua sauti za juu, na kwenye sauti ya nane, karibu Hz 349, upishano huo unakuwa mawimbi mawili kwa sekunde. Kwenye ya kumi na sita yanakuwa manne. Hapo ndipo ukuta wa magitaa unapoanza kuyumba, na fundi anapapasa ikwalaiza kutafuta ugonjwa ambao haupo kwenye ikwalaiza.

Sikiliza "Rational Gaze" kwenye matoleo yote mawili kwa spika nzuri, ukifuata uzi wa chini peke yake. La 2006 lina mwanzo mkavu zaidi na noti inakaa. Ni haki pia kusema kwamba jaribio hili si safi: mchanganyo mzima ulibadilika, sauti za dramu zikashughulikiwa upya, na wako mashabiki wanaopenda unyevunyevu wa toleo la 2002 na hawataki kusikia jingine. Kwa upande wa magitaa, hata hivyo, tuko na toleo la pili bila kusitasita.

Zana nyingine kwenye gitaa hilo zimechaguliwa kwa lengo hilohilo. Pikapu, sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, ni moja tu, Lundgren iliyotengenezwa kwa nyuzi nane, karibu na briji, mahali ambapo uzi hauyumbi sana na sauti za juu ziko wazi. Briji imefungwa, haielei. Briji inayoelea kwenye springi inahesabu mkazo wa nyuzi zote kwa pamoja. Ukipiga uzi mmoja mzito kwa nguvu, nyingine saba zinacheza. Ukiwa na gitaa la aina hiyo na huna jingine, zuia mwendo wake kwa kipande cha mbao ngumu kilichobana pande zote mbili za kizuizi cha springi.

Distosheni ipewe nini

F ya Hz 43.65 iko nusu toni moja tu juu ya E ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye Hz 41.2. Maana yake gitaa na besi wanaishi chumba kimoja. Ukiipa distosheni msingi huo wote, masafa ya chini yanameza nafasi ya kukatwa na kila kitu cha juu kinakatika pamoja nayo. Inabidi chini ipunguzwe kabla ya distosheni, kisha uzito urudishwe baadaye.

Pedali ya Ibanez Tube Screamer imedumu kwenye metali kwa sababu hiyo. Hatua yake ya kukuza sauti huanza kupunguza kila kilicho chini ya takriban Hz 720. Iweke mbele ya amplifaya, kitufe cha Drive kwenye sifuri au kando yake, Level juu kabisa au karibu na hapo, Tone katikati. Kwa nyuzi nane ongeza kichujio kinachokata masafa ya chini ya Hz 80 hadi 100 kabla ya pedali. Gain ya amplifaya, yaani kiasi cha distosheni, iteremshwe mpaka uone aibu ukipiga peke yako. Magitaa yakishawekwa mawili au manne, gain hujijumlisha, na anayerekodi kwa gain ya chumbani kwake anapata bumbuwazi.

Baada ya spika, kata tena gitaa chini ya Hz 70 au 80. Sauti ya pili ya F iko kwenye Hz 87.3, hiyo ibaki; msingi mwachie besi. Juu, punguza kuanzia kHz 8 hadi 10. Ule mshindo wa kiganja kinapozima uzi huvimba kati ya Hz 100 na 250 kwenye baadhi ya noti tu. Usiukate kwa ikwalaiza ya kudumu, utafanya rifu nzima iwe nyembamba; tumia kompresa inayobana eneo hilo peke yake, kwa desibeli 3 hadi 5, pale linapovimba.

Geti la kuzima kelele ndilo linaloupa muziki huu ukimya wake. Lisikilize gitaa safi, kabla ya pedali yoyote, lakini lifunge sauti baada ya distosheni. Ukiweka geti mbele peke yake, kelele za amplifaya hubaki. Ukiliweka nyuma peke yake, haliwezi kutofautisha noti na kelele kwa sababu distosheni imeshavisawazisha. Muda wa kufunga uwe milisekunde 20 hadi 50 kwa rifu za kukatwa. Hata hivyo mikono ndiyo inayozima nyuzi saba zisizopigwa, geti linamalizia.

Na wakati wote wa kurekodi, hifadhi waya wa pili unaobeba sauti safi ya gitaa kupitia DI, kisanduku kinachoichukua moja kwa moja bila amplifaya. Amplifaya inaweza kubadilishwa kesho kwa kuirudishia sauti hiyo. Ila kumbuka kisa hiki: DI safi ya uzi uliolegea itabaki ya uzi uliolegea, hata ukiipeleka kwenye amplifaya ya ndoto zako. Kuna makosa yanayotengenezeka kwenye mchanganyo, na kuna yanayolazimu gitaa lipigwe tena.

Jukwaani

Catch Thirtythree ya 2005 ilitumia Line 6 Vetta II, amplifaya inayoiga amplifaya nyingine kwa hesabu za kidijitali, na jukwaani baadaye Meshuggah wakahamia Axe-Fx za Fractal Audio, nazo mitambo ya kidijitali ya kuiga amplifaya. Wapo wanaolia kwamba huko ni kuacha roho ya muziki. Kwa noti ya F, hoja yao haina nguvu: bendi inayozunguka inahitaji kila jioni sauti ileile ifike kwenye mikisa, bila kabati la spika lenye koni iliyochoka na maiki iliyosogea sentimita mbili.

Sauti iliyoundwa chumbani kwa sauti ndogo itafeli ukumbini. Sikio hupokea besi zaidi kadiri sauti inavyopanda, hivyo uliyoiona nene nyumbani inageuka tope. Itengeneze kwa ukali wa desibeli 90 hivi, ukiwa na dramu na besi, au angalau ukiwa na rekodi yake. Fundi mitambo aombwe mambo mawili: magitaa yasiingie kwenye sabufa, na kila chaneli ya gitaa ikatwe chini ya Hz 80. Kwenye kumbi nyingi sabufa hupokea kuanzia Hz 80 hadi 100 kushuka, na hapo dramu kubwa ya miguu miwili imeshajaza.

Kuchelewa kwa sauti husumbua pale tu kunapojumlika. Mtambo usiotumia waya ukichukua milisekunde 3, Axe-Fx au mwenziwe 3, na mikisa ya kidijitali 2, jumla ni 8, sawa na kusimama chini kidogo ya mita 3 kutoka kwenye spika. Hilo linabebeka. Ukiongeza mtambo wa pili wa kidijitali kwenye vipokea sauti vya masikioni, mpigaji wa midundo ya kupishana ataanza kujivuta bila kujua kwa nini. Kliki, mdundo wa kuhesabia, iende masikioni mwa wote, na ubadilishaji wa sauti ukiweza kuendeshwa na kompyuta ileile inayotoa kliki, miguu inabaki huru.

Toa magitaa kwenye mikoba nusu saa kabla, yakae pale jukwaani. Taa zikipasha nyuzi moto, nyuzi hurefuka na noti hushuka, na F ndiyo ya kwanza kulalamika. Umeme wa Uswidi ni volti 230 na Hz 50, wa Marekani ni 120 na 60, wetu Afrika Mashariki uko upande wa Uswidi lakini hushuka na kupanda. Kiimarisha umeme kitangulie mtambo wowote wa kidijitali.

Kwa mwenye gitaa la inchi 25.5

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye gitaa la nyuzi saba hatapata inchi 29.4 kesho asubuhi. Anaweza kusogea karibu. Tungesimama kwenye G♯ au A badala ya F, maana kila nusu toni unayoiacha inarudisha mkazo kwa asilimia 12. Akisisitiza F, achukue .074 na kufuata mpangilio huu.

Kabla ya kununua, pima tundu la kishikio cha kukazia: .074 ni milimita 1.88, na tundu jingine halipitishi. Uzi ukikwama, usikate kwanza. Upinde digrii 90 mahali pa kona, kisha ukate mbele ya kona hiyo; ukikata kabla ya kupinda, tabaka la nje linateleza kwenye waya wa ndani na uzi unakufa papo hapo. Mfereji wa kizingiti uliochongwa kwa .056 upanuliwe kwa tupa ya mviringo ya kipimo cha .074, ukielekea chini upande wa kichwa. Ukiupanua kwa kina badala ya upana, uzi utagonga freti ya kwanza, na hakuna njia ya kurudisha mfupa uliokwisha kuondoka isipokuwa kubadilisha kizingiti kizima.

Funga nyuzi zote, tuni, acha usiku mmoja, ndipo uguse fimbo ya chuma ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja. Briji ifuate: linganisha noti ya freti ya 12 na uzi ulio wazi, ukibana kwa nguvu zako za kawaida za kupigia. Skrubu ikiisha kabla noti haijakaa, geuza kile kichuma kinyume kama umbo lake linaruhusu, au rudi kwenye .070. Pikapu ishushwe upande wa uzi mnene hadi iwe na milimita 3 ukibana freti ya mwisho. Sumaku ikiwa karibu huuvuta uzi uliolegea na kuupa mtetemo wa ajabu unaofanana na tuni mbovu.

Jaribio la mwisho ni la kitunio: piga F kwa nguvu ya jukwaani, tazama mshale katika nusu sekunde ya kwanza. Ukiruka senti 20 au zaidi kisha ukateremka, tuni uzi huo chini kidogo ya alama, senti 5 hadi 10, ili mwanzo wa noti uangukie mahali pake. Noti ndefu zitakuwa chini kidogo, kwa hiyo mahali rifu inapotulia kwenye noti ndefu, irekodi sehemu hiyo peke yake ukiwa umetuni sawasawa, uiunge baadaye. Nyuzi zibadilishwe kila siku ya kurekodi; pwani, ambako hewa ya chumvi inaanza kuzila mara tu zinapotoka kwenye pakiti, pakiti ifunguliwe siku hiyohiyo.